Mzazi mhamiaji na haki ya kuishi na mwanawe: kabla ya kujaza fomu, jua unategemea haki ya nani

Mleta mada:

Wakuu, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasaidia watu kupanga mafaili ya uhamiaji: kutafsiri vyeti, kukaa nao mbele ya wakili, kuwaandikia maelezo. Kinachoniuma ni kile kile. Mzazi anakuja na bahasha imejaa makaratasi, ana mtoto anayemhitaji kweli, lakini ombi limeshakataliwa kwa sababu lilipelekwa mlango usio wake. Naleta uzi huu tuelewane kwenye jambo moja.

Sheria nyingi za uhamiaji hazimpi mzazi ukaazi kwa sababu tu yeye ni mzazi. Haki ni ya mtu mwingine, na mzazi anaipata kupitia kwa huyo mtu. Anaweza kuwa mtoto mdogo mwenye uraia, mtoto mkubwa mwenye kipato, mtoto mkimbizi, au mwenzi wa ndoa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ujaze fomu ipi, uliza haki ni ya nani, inaanza lini na inakoma lini. Ukishapata majibu hayo, hata wakili utamlipa kwa kazi inayoeleweka.

Nianze na mkataba ambao kila mtu anautaja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 10, unataka maombi ya mtoto au mzazi ya kuingia au kutoka katika nchi ili familia iungane yashughulikiwe kwa nia njema, kwa utu na kwa haraka. Hausemi kwamba lazima yakubaliwe. Na Marekani haijauridhia kabisa. Ukiutaja peke yake mbele ya ofisa hautakufikisha mbali. Utaje pamoja na sheria ya nchi uliyopo, pale inapotaka maslahi ya mtoto yapewe uzito.

Ulaya ndiko mahakama zimemsogeza mzazi mbele zaidi. Mwaka 2004 kulikuwa na kesi ya Chen. Mama raia wa China alijifungulia Belfast, na mtoto akapata uraia wa Ireland kwa sheria ya wakati ule. Mahakama ya Haki ya Ulaya, yaani mahakama ya Umoja wa Ulaya, ikasema mtoto huyo, akiwa na bima ya afya na fedha za kumtosha, ana haki ya kuishi Uingereza (wakati huo ikiwa bado ndani ya Umoja), na haki hiyo haitakuwa na maana ikiwa mama anayemlea hawezi kukaa naye. Halafu tarehe 8 Machi 2011 ikatoka hukumu ya Ruiz Zambrano, baba kutoka Kolombia aliyekuwa Ubelgiji. Alinyimwa hifadhi, lakini watoto wake wawili walizaliwa pale wakiwa na uraia wa Ubelgiji. Mahakama ikaona kwamba ukimnyima baba ukaazi na kibali cha kazi, watoto raia watalazimika kuondoka Umoja wa Ulaya mzima, na uraia wao utabaki jina tu.

Hapo pana jambo ambalo watu hulipita haraka. Zambrano alishinda kwa sababu ya uraia wa watoto wake. Mtoto aliyezaliwa katika hospitali ya Ulaya bila kuwa raia wa nchi ya Umoja hamfungulii mzazi mlango huo, na nchi nyingi za Ulaya hazitoi uraia kwa kuzaliwa tu. Nimekutana na wazazi waliojenga matumaini ya miaka juu ya cheti cha kuzaliwa ambacho hakikuwa na uraia ndani yake.

Marekani ni kinyume. Kule mtoto anayezaliwa anahesabiwa raia tangu siku ya kwanza kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba, lakini hawezi kumwombea mzazi chochote hadi afikishe miaka 21. Akifika, mzazi anaingia kundi la ndugu wa karibu kabisa, ambalo halina foleni ya idadi kwa mwaka. Tatizo linakuja kwenye namna mzazi alivyoingia. Aliyeingia kwa viza akapitiliza muda, kwa kawaida anaweza kumalizia mambo yake humo humo nchini. Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa, mara nyingi anatakiwa atoke akachukue viza ubalozini. Akishatoka tu, sheria ya 1996 inamkamata: aliyeishi bila makaratasi zaidi ya siku 180 anazuiwa kurudi kwa miaka 3, aliyefikisha mwaka mmoja au zaidi anazuiwa miaka 10.

Kuna msamaha wa kuomba, lakini unahitaji kuonyesha mateso makubwa yatakayompata mwenzi au mzazi wako aliye raia au mkaazi wa kudumu. Mtoto hahesabiki. Mtoto raia, ambaye ndiye aliyekuombea, mateso yake hayaingii kwenye mizani. Sijawahi kusikia hoja ya kuniridhisha kwa nini iwe hivyo. Obama alijaribu kuwapa wazazi wa namna hii nafuu ya muda kwa mpango wa DAPA uliotangazwa Novemba 2014. Mahakama ikausimamisha kabla haujaanza, na mwaka 2016 majaji wa Mahakama ya Juu wakagawanyika 4 kwa 4, ukaishia hapo.

Na wenye grini kadi mnisikilize: mkaazi wa kudumu hawezi kumwombea mzazi. Ni raia tu. Usipeleke ombi ukipoteza ada, subiri uapishwe.

Kuhusu wazee walioachwa nyumbani, kila nchi ina ukuta wake. Uingereza tangu Julai 2012 inataka mzazi awe anahitaji kusaidiwa shughuli za kila siku kwa sababu ya uzee, ugonjwa au ulemavu, na uthibitishe kwamba msaada huo haupatikani alipo hata kwa fedha zako. Mwenye uwezo wa kumlea mzazi anaambiwa amlipie mtu wa kumtunza huko huko, asiye na uwezo anaambiwa hawezi kumhudumia akija. Kanada mdhamini anasaini kumhudumia mzazi kwa miaka 20, na hata kupata nafasi ya kuomba ni mpaka ualikwe kutoka kwenye orodha. Australia inataka angalau nusu ya watoto wa mzazi wawe wanaishi kule, au wawe wengi kule kuliko nchi nyingine yoyote, na viza ya kawaida ya mzazi ina foleni inayofika miaka 30 na zaidi. Mzazi wa miaka 65 anaomba viza ya miaka 30 mbele! Ya haraka zaidi ipo, lakini inalipiwa zaidi ya dola 40,000 za Australia kwa kila mzazi. Ujerumani ndiyo imelegeza kidogo: mtaalamu aliyepata kibali chake cha kwanza kuanzia tarehe 1 Machi 2024 anaweza kuwaleta wazazi, ilimradi wawe na bima ya afya na fedha za kujikimu.

Karibuni tujadili. Mwenye swali aeleze yuko nchi gani, ana hadhi gani, na mtoto ana uraia gani. Majina na namba za mafaili msiweke hapa.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, asante sana kwa uzi. Mimi ni mama, nipo nchi moja ya Umoja wa Ulaya, kibali changu kimeisha. Mtoto ana miaka 4, ni raia kwa upande wa baba yake. Tuliachana na baba wa mtoto, na mtoto naishi naye mimi. Nimeambiwa sina hoja kwa kuwa baba yupo na ni raia, atamlea yeye. Ni kweli?

Mleta mada:

Pole dada yangu. Jibu hilo halitoshi, na Mahakama ya Haki ya Ulaya ilishalisema hilo tarehe 10 Mei 2017 katika kesi ya Chavez-Vilchez, iliyotoka Uholanzi. Yule mama alikuwa wa Venezuela, mtoto raia wa Uholanzi kupitia baba. Mahakama ilisema kuwepo kwa mzazi mwingine aliye raia, hata akiwa tayari kulea, hakumalizi suala. Lazima waangalie umri wa mtoto, ukuaji wake wa mwili na wa hisia, anavyofungamana na mama na anavyofungamana na baba, na madhara atakayopata akitenganishwa na mama yake.

Sasa kazi yako ni kuonyesha nani anamlea mtoto huyu kila siku. Watu hukimbilia picha za sherehe ya kuzaliwa, ofisa hazimsaidii sana. Nenda shuleni au chekechea, omba nakala ya ile fomu uliyojaza siku ya kuandikisha, yenye namba ya simu ya kupigiwa mtoto akiugua. Kama namba ya kwanza ni yako, karatasi hiyo ina uzito kuliko picha mia. Kadi ya kliniki inayoonyesha nani alimpeleka kwenye chanjo, na palipoandikwa "amekuja na mama". Barua ya mwalimu inayosema nani anamchukua jioni. Barua za daktari zilizokuja kwa anwani yako. Miamala ya kulipia chekechea. Panga kwa tarehe, kuanzia alipozaliwa hadi mwezi uliopita, pasiwe na pengo la mwaka mzima.

Na kama baba hatoi matunzo au haonekani, usimtukane kwenye maelezo. Andika lini mara ya mwisho alimwona mtoto, anatoa nini, hatoi nini. Kama mnaelewana, barua yake kwamba wewe ndiye mlezi mkuu itakusaidia sana. Tafuta wakili anayeijua kesi hii kwa jina, na wahi. Usisubiri barua ya kuondoka.

Mchangiaji wa pili:

Mleta mada umeandika vizuri ila unaegemea upande mmoja. Nchi ina haki ya kuamua nani aingie. Wapo wanaozaa ili wapate makaratasi, wapo wanaoandikisha watoto wa watu. Mlango ukiachwa wazi, wanaofuata sheria ndio wanaumia.

Mleta mada:

Mkuu, udanganyifu upo na simtetei anayeufanya. Mtoto anayeandikishwa kwa uongo naye ni mhanga. Lakini hoja hiyo imeshapewa majibu mengi na sheria zenyewe. Ireland ilibadili katiba kwa kura ya maoni Juni 2004, na sasa kuzaliwa pale peke yake hakumpi mtoto uraia. Marekani, kama nilivyosema, mzazi anasubiri miaka 21 na hata hapo kizuizi cha miaka 10 kinaweza kumkuta. Ufaransa tangu 2018, kama anayeomba kibali siye aliyemtambua mtoto mbele ya sheria, lazima aonyeshe ushahidi kwamba yule Mfaransa aliyemtambua anamhudumia mtoto kweli. Hakuna anayezaa leo kwa hesabu ya miaka 21 ijayo.

Ninachokipinga ni kumwadhibu mtoto kwa kosa la mzazi wake la kupitiliza viza. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo si ile ya Umoja wa Ulaya, ililishughulikia hili tarehe 3 Oktoba 2014, kesi ya Jeunesse dhidi ya Uholanzi. Mama wa Suriname aliingia kwa viza ya utalii mwaka 1997, akaishi zaidi ya miaka 16 bila kibali, akazaa watoto watatu raia. Serikali ilisema alijenga familia akijua hana ruhusa, na kwa kawaida hoja hiyo inashinda. Mahakama ikaangalia kwamba mume na watoto wote ni raia, kwamba yeye ndiye anayewalea kila siku, kwamba mamlaka zilijua alipo miaka yote, ikasema maslahi ya watoto hayakupewa uzito uliostahili. Mipaka ya nchi ilibaki pale pale baada ya hukumu hiyo. Kilichobadilika ni watoto watatu kubaki na mama yao.

Mchangiaji wa tatu:

Nipo Ulaya, nina pasipoti ya nchi ya Umoja niliyoipata baada ya miaka mingi. Mama yangu ni mjane, namtumia fedha kila mwezi. Niliomba aje, wakakataa kwa sheria ya nchi yangu. Rafiki ana pasipoti kama yangu ila anaishi nchi ya jirani, na mama yake amepewa kadi ya ukaazi. Hii imekaaje?

Mleta mada:

Imekaa vibaya, lakini ndivyo sheria ilivyo. Maelekezo ya Ulaya ya 2004 kuhusu uhuru wa kutembea, yaani sheria ya Umoja ambayo nchi wanachama lazima ziitekeleze, yanamlinda raia wa Umoja anayeishi katika nchi nyingine ya Umoja. Huyo mzazi wake anayemtegemea, au mzazi wa mwenzi wake, ana haki ya kuungana naye. Wewe uliyebaki kwenye nchi yako ya uraia unahukumiwa kwa sheria ya ndani, ambayo mara nyingi ni kali zaidi. Raia anapata haki pungufu kwake kuliko angepata kwa jirani.

Kwa rafiki yako jambo lililoamua ni utegemezi. Kwenye kesi ya Jia ya 2007 mahakama ilisema mzazi awe anahitaji msaada wako kupata mahitaji ya msingi huko anakotoka, wakati wa kuomba. Ahadi ya kwamba utamtunza akifika haitoshi. Kwa hiyo tunza risiti zote za fedha unazomtumia, na zioneshe zinalipa nini: kodi ya nyumba, dawa, matibabu. Kumpa mtu akapeleke mkononi hakuachi alama. Nawasihi wote, anzeni leo kutuma kwa njia yenye kumbukumbu, hata kama hamna mpango wa kuomba mwaka huu.

Mchangiaji wa nne:

Naongezea la Kanada kwa kuwa nimeliona kwa macho. Ukiomba ukaazi wa kudumu taja kila mtoto, hata usiyeishi naye, hata wa nje ya ndoa, hata kama huna mpango wa kumleta. Kanuni zao zinasema mtu wa familia ambaye hakutajwa na kukaguliwa wakati mzazi anapata ukaazi, baadaye hawezi kudhaminiwa kama mwanafamilia. Wapo walioshauriwa na madalali wafiche mtoto ili ombi liwe jepesi. Miaka inapita, mtoto anabaki upande wa pili.

Mleta mada:

Mkuu umegusa penyewe. Natamani kila anayefungua fomu asome maneno yako kwanza. Nafuu maalumu zimekuwepo, lakini huwezi kupanga maisha ya mtoto kwa kutegemea nafuu.

Kwa Marekani kuna mtego unaofanana. Ombi la raia kwa mama yake halimbebi mdogo wake aliye chini ya mama. Mama anapata viza, mdogo wa miaka 12 hapati. Inabidi mama akishapata grini kadi ndiyo amwombee huyo mdogo, na hapo kuna kusubiri. Familia nyingi zinagundua hili siku ya usaili. Pangeni mapema nani atabaki na mtoto.

Suala la majina nalo. Cheti kina jina lenye herufi moja zaidi ya pasipoti, au jina la baba limeandikwa la ukoo upande mmoja na la ubatizo upande mwingine. Rekebisheni kabla ya kupeleka, au ambatanisheni kiapo cha mahakamani kinachoeleza kuwa ni mtu mmoja. Pasipokuwa na cheti, kipimo cha DNA kinakubalika sehemu nyingi. Na mkimbizi ajue: Maelekezo ya Ulaya ya 2003 kuhusu kuunganisha familia yanasema ombi la mkimbizi halitakataliwa kwa sababu pekee ya kukosa nyaraka. Lazima waangalie ushahidi mwingine.

Mchangiaji wa tano:

Nina mdogo wangu wa kiume, alifika Ulaya peke yake, akaomba hifadhi akiwa na miaka 16. Amepewa hadhi ya ukimbizi mwezi uliopita, lakini wiki mbili kabla alikuwa ametimiza 18. Wanamwambia ameshakuwa mtu mzima, hawezi kuwaita wazazi. Tumekata tamaa.

Mleta mada:

Ndugu, msikate tamaa, na msipoteze hata siku moja. Soma hili kisha mpigie.

Tarehe 12 Aprili 2018 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya A na S, nayo ya Uholanzi. Binti aliomba hifadhi akiwa chini ya miaka 18, akatimiza 18 wakati ombi linashughulikiwa. Mahakama ilisema umri unaohesabika ni ule wa siku aliyoomba hifadhi. Vinginevyo haki ya mtoto ingetegemea mwendo wa ofisi. Kwa hiyo mdogo wako bado anahesabiwa mtoto kwa ajili ya kuwaita wazazi.

Lakini mahakama ile ile ilisema ombi lipelekwe ndani ya muda unaofaa, na ikataja kwa kawaida miezi 3 tangu siku aliyotambuliwa kuwa mkimbizi. Mwezi mmoja umekwenda. Apeleke ombi wiki hii hata kama vyeti vya wazazi havijakamilika, aandike ndani ya ombi kwamba nyaraka zitafuata, na achukue risiti yenye tarehe na mhuri. Akiambiwa kwa mdomo haiwezekani, aombe wampe kwa maandishi.

Mambo mawili ya kuhakikisha kwanza. Hadhi yake iwe ya ukimbizi, maana wenye ulinzi wa nyongeza (wanaolindwa kwa hatari iliyoko kwao bila kutambuliwa kuwa wakimbizi) wana sheria tofauti, na Ujerumani imewasimamishia kuungana na familia kwa miaka 2 tangu Julai 2025. Pili, Denmark na Ireland hazifungwi na yale Maelekezo ya 2003 ya kuunganisha familia, ambayo kesi hii inayahusu, kwa hiyo akiwa huko atahitaji njia nyingine. Uingereza nako mtoto mkimbizi haruhusiwi na kanuni kuwaita wazazi, na maombi mapya ya kuunganisha familia za wakimbizi yalisitishwa Septemba 2025. Niandikie hapa yupo nchi gani, na barua yake imetumia hadhi ipi, tuone wakili wa msaada wa kisheria anapatikana wapi karibu naye.